Tawas Jikoni Toronto: Jinsi Tamthilia ya Sauti ya Kutisha Inavyobeba Mila za Wafilipino Ughaibuni

Tamthilia ya sauti iitwayo Hi Nay, yaani "Hujambo, Mama", inamfuata Mari Datuin, Mfilipino aliyehamia Toronto, Kanada. Anatoka katika ukoo wa babaylan, waganga na makuhani wa kale wa visiwa vya Ufilipino, na bila kupanga anajikuta akikabili viumbe wabaya katika jiji lisilowajua. Msikilizaji wa Kiswahili anayeingia humo bila maandalizi hukwama mapema. Aswang, mla watu wa ngano, atamdhania jini, babaylan atamwona mchawi, na tawas, uchunguzi wa mganga, ataiweka kwenye kapu moja na ramli yoyote ile.

Hapa tunafungua fundo hilo, kisha tunaeleza jinsi mila hizo zinavyogeuzwa kuwa hadithi ya kusikilizwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba katika utunzi huu hofu hutoka kwenye masharti. Kila mila ina wakati wake, vifaa vyake, maneno yake na miiko yake. Mhamiaji ameyabeba masharti hayo hadi mahali ambapo nusu ya vifaa haipatikani na hata usiku una urefu mwingine. Mtunzi anayeyajua masharti haishiwi na visa. Asiyeyajua hubaki na mayowe tu.

Nani mganga, nani mla watu

Babaylan ni jina la Wabisaya, watu wa visiwa vya kati. Watagalog wa Luzon walimwita katalonan. Kabla ya Wahispania, mtu huyu aliongoza tambiko, alitibu wagonjwa na kuzungumza na mizimu. Wengi wao walikuwa wanawake, pamoja na wanaume walioishi kama wanawake, ambao Wabisaya waliwaita asog.

Baharia Magellan, aliyetumwa na Hispania, alifika mwaka 1521, na kamanda Mhispania Legazpi akaanza kutawala kutoka Cebu mwaka 1565. Mwaka 1589 mtawa Mfransisko Juan de Plasencia aliandika taarifa ya desturi za Watagalog, na ndani yake akaorodhesha watu wa miujiza. Katalonan, kuhani wa watu, amewekwa kwenye orodha moja na wauaji kwa uchawi, na "osuang", yaani aswang, anayeruka na kula nyama ya binadamu. Plasencia mwenyewe alisema huyo wa mwisho ni wa Wabisaya, kwa Watagalog hayupo. Kwa macho ya kanisa la wakati ule wote walikuwa watumishi wa shetani. Makuhani wa jadi hawakunyamaza: mwaka 1621 Tamblot aliongoza uasi Bohol, na karibu wakati huohuo chifu Bankaw akaasi Leyte. Wote wawili walishindwa.

Kazi ya babaylan iligawanyika baada ya hapo. Mitishamba na sala vilibaki kwa albularyo, ambaye leo huchanganya majani, maji ya baraka na Kilatini kilichovunjika. Ukandaji na uzazi vilikwenda kwa manghihilot. Upande wa giza aliwekwa mangkukulam anayeloga kwa vikaragosi na mishumaa, na kwa Wabisaya mambabarang, anayetuma wadudu waingie mwilini mwa adui. Historia hii ndiyo inayompa mhusika mkuu sura mbili. Bibi yuleyule anaweza kuitwa mganga na jirani wa kushoto na aswang na jirani wa kulia, na tamthilia nzuri haiharakishi kumwambia msikilizaji nani yuko sahihi.

Aswang ni jina la jumla. Mtafiti wa ngano Maximo Ramos aliwagawa katika makundi matano: mnyonya damu, mnyonya matumbo, mtu anayegeuka mnyama, mchawi, na mla maiti. Anayejulikana zaidi ni manananggal wa kundi la pili. Mchana ni mwanamke wa kawaida. Usiku kiwiliwili chake hukatika kiunoni, nusu ya juu ikaota mabawa na kuruka, nusu ya chini ikabaki imesimama gizani. Hutafuta nyumba yenye mjamzito, hutua juu ya paa na kushusha ulimi mrefu mwembamba kama uzi. Ukiipata nusu ya chini ukaipaka chumvi, majivu au kitunguu saumu, haungani tena, na jua likichomoza amekwisha.

Imani hii imeshatumika kuumiza watu halisi. Mkoa wa Capiz hadi leo hubeba sifa ya kuwa nyumbani kwa aswang, na wenyeji wake wamechoka nayo. Mapema miaka ya 1950, wakati wa vita dhidi ya waasi wa kikomunisti walioitwa Huk, Mmarekani Edward Lansdale, kama alivyosimulia mwenyewe, alisimamia mbinu ya kueneza uvumi wa aswang mlimani. Askari walimkamata mtu wa mwisho katika msafara wa waasi, wakamtoboa matundu mawili shingoni, wakamning'iniza miguu juu hadi damu ikaisha, kisha wakairudisha maiti njiani. Waasi waliondoka eneo lile. Mei 1992, mwezi wa uchaguzi mkuu, mtaa wa Tondo jijini Manila ulikumbwa na taharuki ya manananggal hadi kwenye vyombo vya habari. Mtunzi anayemwandika aswang ashike jambo hili mkononi: aghalabu nyuma ya jina hilo kuna mwanamke fulani anayenyooshewa kidole.

Viumbe wengine si maadui. Nuno hukaa kwenye kichuguu, kapre huvuta sigara kubwa juu ya mti, na tikbalang mwenye kichwa cha farasi huwapoteza wasafiri mpaka wageuze shati ndani nje. Hawa ni majirani wenye mipaka. Mtu anayepita kichakani husema "tabi-tabi po", akiomba njia kwa heshima. Asiyesema akamkanyaga nuno hurudi nyumbani na uvimbe, homa, au ugonjwa ambao daktari hauoni.

Tawas, hatua kwa hatua

Tamthilia ya aina hii inaweza kuwa na kipindi cha uchunguzi, na uchunguzi huo ni tawas. Tawas ni shabu, lile jiwe jeupe la dukani. Mganga huchukua kipande kinachoenea kiganjani na kukipitisha juu ya mwili wa mgonjwa kwa ishara ya msalaba: paji la uso, kifua, tumbo, mikono, miguu, akinong'ona sala. Kisha hukiweka juu ya makaa. Shabu huyeyuka kwanza, halafu hufura na kuwa povu jeupe lililokauka. Mganga husoma umbo lake: kichuguu, mnyama, au mtu mwenye kinyongo.

Mahali pasipo na makaa hutumika mshumaa. Nta hudondoshwa kwenye beseni la maji, ikaganda, na umbo likasomwa juu na chini yake. Wengine hupasua yai ndani ya glasi ya maji. Siku zinazopendwa kwa uganga ni Jumanne na Ijumaa.

Tiba hufuata jibu. Ikiwa mtoto amepata usog, yaani homa ya kusifiwa au kutazamwa na mgeni, mgeni yule huitwa ampake mate tumboni au kwenye paji. Ikiwa ni nuno, hupelekwa sadaka mahali pa kosa: wali, kuku, yai la kuchemsha, tumbaku, pombe kidogo. Chakula cha mizimu hakitiwi chumvi, na hapa ndipo watunzi wengi huteleza. Chumvi hufukuza, kwa hiyo mhusika anayeandaa sahani ya sadaka kwa kuku aliyenunuliwa tayari amepikwa ameshaharibu kazi yake, na msikilizaji anayejua atashtuka kabla ya mhusika mwenyewe. Wailocano wa kaskazini wana sahani yao ya wafu, atang, yenye wali, yai, tambuu na tumbaku. Huwekwa kwa ajili ya ndugu waliotangulia, na hailiwi kabla wao hawajapewa nafasi.

Maneno ya siri, orasyon, yana sharti lao. Hayasemwi hovyo, hayafundishwi kwa kila mtu, na nguvu zake huhuishwa Ijumaa Kuu pamoja na hirizi ziitwazo anting-anting. Kwa sababu hiyo, kumwandikia mwigizaji orasyon nzima aisome kwa sauti kavu ni kosa la sanaa na la adabu pia. Aseme maneno mawili ya mwanzo, kisha anong'one huku maji au moto ukifunika mengine.

Masharti yanapofika kwenye baridi

Hapa ndipo uhamiaji unapoacha kuwa mandhari tu na kuanza kusukuma kisa. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilihesabu Wafilipino zaidi ya 957,000, na Toronto ndiyo ngome yao kubwa. Wengi, hasa wanawake, waliingia kupitia mpango wa walezi wa nyumbani ulioanza mwaka 1992. Mpango huo ulimtaka mfanyakazi aishi ndani ya nyumba ya mwajiri na kukamilisha miezi 24 ya kazi kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Sharti la kuishi kwa mwajiri liliondolewa mwaka 2014. Fikiria tawas ndani ya nyumba kama hiyo: jiko si lako, saa zako si zako, na mtoto mwenye homa ni wa bosi.

Makaa ndani ya ghorofa huwasha king'ora cha moshi kabla shabu haijafura. Mhusika atahamia kwenye mshumaa na beseni, na jibu atakalopata litakuwa na utata zaidi. Kung'oa king'ora nako kuna bei yake: moto wa kweli ukitokea baadaye, hakuna wa kuonya.

Mafuta ya kumtambua aswang hutengenezwa kwa nazi, mara nyingi Ijumaa Kuu, na inasemekana huchemka yenyewe kwenye chupa aswang akikaribia. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Katika chumba cha Kanada wakati wa baridi chupa ile ni jiwe jeupe, kwa hiyo mlinzi wa nyumba amelala. Mhusika lazima aivae mwilini, chini ya nguo, ili ibaki majimaji. Kwa tamthilia hiyo ni zawadi, kwani sasa chupa ikichemka itachemka kwenye ngozi yake.

Manananggal lazima aungane kabla ya mapambazuko. Usiku mrefu kuliko wote Manila haufiki saa 13, lakini Toronto mwezi Desemba unakaribia saa 15. Ana muda mwingi zaidi wa kuwinda, na anayemsubiri ana muda mwingi zaidi wa kusinzia. Mwezi Juni mambo hugeuka, na anayewindwa ni yeye. Kipindi cha kiangazi na cha majira ya baridi haviwezi kutumia ratiba moja.

Kisha kuna simu. Manila iko mbele ya Toronto kwa saa 12 wakati wa kiangazi na 13 wakati wa baridi. Saa sita ya usiku wa kiangazi, binti anapojificha bafuni, kwa mama ni saa sita mchana, jua kali, majogoo na kelele za jeepney, daladala za huko, dirishani. Mama anayejua dawa yuko macho na amechangamka, ila hawezi kuigusa. Muundo wa kumsimulia mama kwa sauti unatatua pia tatizo la zamani la mchezo wa redio: mhusika anayeona jambo anahitaji sababu ya kulitamka, na binti anayemweleza mama anachokiona anayo.

Wanawake wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ndani Ghuba, wakati mwingine nyumba moja na Wafilipino, watayatambua haya bila kuelezwa. Lakini kisa hichohicho kikihamishiwa Riyadh hubadilika kabisa, kwa kuwa Saudi Arabia hushtaki uchawi kama jinai. Hirizi mfukoni inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Huko mhusika anamwogopa polisi kuliko aswang, na mtunzi asipoliingiza hilo hadithi haitaaminika.

Kwa nini sauti kuliko picha

Baadhi ya Wafilipino husimulia kiumbe aitwaye tiktik, aitwaye hivyo kwa mlio wake, ambaye ni aswang au ndege anayemtangulia. Sharti lake ni la masikio matupu: mlio ukiwa mkubwa, yuko mbali. Ukififia, amekaribia. Hakuna picha inayoweza kufanya kazi hii vizuri kama maikrofoni.

Ugumu ni kwamba sikio la kila mtu limezoea kinyume. Ukipunguza sauti tu, msikilizaji atapumua kwa nafuu akidhani kimeondoka. Kwanza sharti litajwe na mhusika mapema, kwa mfano bibi akimuonya mjukuu, na baadaye lionekane likitokea bila madhara. Siku ya hatari likija mara ya tatu, msikilizaji anaogopa peke yake. Pili, mchanganyaji wa sauti azingatie kwamba kitu kinachokwenda mbali hupoteza ukali wa juu na kupata mwangwi wa mazingira. Basi tiktik anayekaribia apunguzwe kwa hatua za desibeli 6 hivi, lakini ukali wake wa juu ubaki na mwangwi uondolewe hatua kwa hatua. Utapata mlio mdogo sana uliokauka, uliogandamana na sikio moja. Wanaoshusha kitufe cha sauti pekee hupata ndege anayeondoka.

Simu ya mama nayo ina matumizi. Sauti yake ikatwe iwe kati ya hezi 300 na 3,400, kama simu za zamani, na ibaki hivyo vipindi vyote. Siku moja sauti ileile isikike nzima, yenye besi na mwangwi wa chumba cha Toronto, ikimwambia binti afungue mlango. Huhitaji muziki wala mayowe. Mbinu hii itumike mara moja tu katika msimu.

Mabawa ya manananggal hupatikana kwa mwavuli mkubwa unaofunguliwa na kufungwa polepole. Kukatika kwa kiwiliwili ni mabua ya seleri (figili ya Kizungu) yanayovunjwa ndani ya kitambaa chenye maji, chini yake tikitimaji linalochanwa kwa vidole. Nta ya tawas irekodiwe ya kweli. Beseni la bati hulia kama kengele na kuharibu, kwa hiyo tumia la plastiki nene au la udongo, maji ya baridi, maikrofoni sentimita 10 hadi 15 juu kwa mshazari ili matone yasiifikie. Kila chumba kirekodiwe ukimya wake kwa dakika nzima. Ukimya wa Manila una mjusi aitwaye tuko, feni na majogoo. Ule wa Toronto una friji na bomba za joto. Ukiweka ukimya mtupu wa kompyuta kati ya maneno, msikilizaji anahisi chumba kinatoweka kila mwigizaji anapovuta pumzi.

Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, mazungumzo yakigota kati ya desibeli -12 na -6. Faili la mwisho la stereo hukusudiwa LUFS -16 (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti unaosikika), kilele kisizidi desibeli -1. Minong'ono ndiyo mtego: watayarishaji huishusha sana kwa ajili ya hofu, msikilizaji yuko kwenye daladala, anaongeza sauti, kisha kelele inayofuata inamuumiza masikio na anazima. Mnong'ono ukitofautiana na mazungumzo ya kawaida kwa desibeli 10 hivi, unatosha.

Kwa hati, mazungumzo ya Kiswahili huenda kama maneno 120 kwa dakika. Kipindi cha dakika 25, moja ya tano ikiwa ni athari za sauti, kinabeba maneno 2,400 tu. Onyesho la tawas pekee hula dakika tatu au nne, na lisikatwe, kwa sababu msikilizaji anayajifunza masharti humo. Bibi, mama na binti wa ukoo mmoja mara nyingi wana sauti zinazokaribiana, hivyo watofautishe kwa mwendo wa maneno na chumba, na wasizidi watatu kwenye onyesho moja bila mwanaume au mtoto kati yao.

Maneno ya Kitagalog yaachwe yasikike. Binti akimwambia mama "opo, Nay", yaani "ndiyo, Mama", msikilizaji ataelewa heshima iliyomo kwa namna anavyoitamka. Tafsiri ifichwe kwenye jibu la mwenzake. Kurudia kila sentensi kwa lugha mbili humuua mhusika.

Kinachoharibu kazi

Ufilipino ina visiwa 7,641 na lugha zaidi ya 170. Kosa baya kuliko yote ni kumpa bibi mmoja atang ya Wailocano, barang (uchawi wa wadudu) ya Wabisaya na katalonan ya Watagalog, kana kwamba alizaliwa kila mahali. Chagua mkoa mmoja wa ukoo, ufuate. Mila ya kwingine iingie kupitia mhusika mwingine, na wabishane: muuguzi kutoka Iloilo kwa Wabisaya na mpishi kutoka Ilocos kaskazini wana sababu za kweli za kutokubaliana juu ya mgonjwa mmoja.

Kosa la pili ni kuliweka kanisa upande mmoja na mila upande mwingine. Nje ya kanisa la Quiapo, Manila, mishumaa, mitishamba na anting-anting huuzwa pamoja, na albularyo wengi ni Wakatoliki wa kila Jumapili. La tatu ni uganga usiogharimu kitu. Mganga anayeponya kila kipindi bila kuchoka, bila deni na bila mwiko anamwondolea msikilizaji sababu ya kuhofia.

Urithi ndio unaofunga msimu vizuri. Husimuliwa kwamba aswang hawezi kufa mpaka nguvu yake, mara nyingi ikiwa kifaranga cheusi, itoke kinywani mwake na kuingia kwa mrithi. Mrithi akiwa kilomita 13,000 mbali, mzee anabaki kitandani wiki hadi wiki, na kila simu kutoka nyumbani ni ombi. Akifa, mkesha wa maiti huangaliwa kwa video, kama familia nyingi za ughaibuni zinavyofanya kwa kweli, kisha sala za siku tisa na ile ya siku ya 40. Lakini kuna pagpag: anayetoka kwenye mkesha haendi moja kwa moja kulala, lazima apite mahali pengine ili mzimu usimfuate hadi nyumbani. Aliyekesha kupitia simu akiwa kitandani mwake tayari yuko nyumbani. Itabidi avae koti, atoke saa tisa usiku kwenye theluji, akae kwenye mgahawa unaofunguliwa usiku kucha, anunue chochote, na ahakikishe ile simu haimo mfukoni anaporudi.